Shusha TTL kabla ya kuhamia kwenye wingu

Ukihamisha mfumo kutoka seva ya ofisini kwenda AWS (wingu la Amazon) au kwingineko, usiisahau DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva. Rekodi yenye TTL (muda wa kuhifadhiwa, kwa sekunde) ya 86400 inaruhusu anwani ya zamani kukaa kwenye kumbukumbu za watoa intaneti kwa saa 24. Ishushe hadi 300 angalau siku moja kabla. Kuishusha asubuhi ya kuhama ni kazi bure, kwani walioichukua usiku bado wanayo ile ya zamani. Hakikisha kwa amri ya `dig +noall +answer` ikifuatiwa na jina la tovuti. Namba baada ya jina ni sekunde zilizobaki.

Seva ya zamani usiizime siku hiyohiyo. Weka nginx (programu ya seva ya wavuti) hapo ipitishe maombi yote kwenda anwani mpya, la sivyo wateja waliochelewa wataendelea kuandika kwenye hifadhidata ya zamani, na kuunganisha hifadhidata mbili baadaye ni balaa.

Halafu kuna cron, inayoendesha kazi za seva kwa ratiba, ambayo watu huikumbuka mteja akishalalamika: zima ya zamani kabla ya kuwasha mpya, ama SMS za ankara zitatoka mara mbili.