Gari liache chini, panda kijijini kwa miguu

Ukikodi gari kuzungukia vijiji vyeupe vya Andalucía, kusini mwa Hispania, usiiamini ramani ya simu ikikuelekeza hadi mlangoni mwa hoteli. Hutafuta njia fupi, na njia fupi hupita kwenye vichochoro vilivyopangwa kabla ya magari. Mji wa Arcos de la Frontera ndio mtego mkubwa: sehemu yake kongwe imekaa juu ya jabali lenye ukingo mkali, na pengine itabidi ukunje vioo vya pembeni ili upite. Ukikwama, kurudi rivasi mlimani huunguza klachi, na bampa ikikwaruzika utalipa wewe.

Egesha mtaa wa chini. Mistari ya buluu ni maegesho ya kulipia, ya njano hairuhusiwi, myeupe kwa kawaida ni bure. Soma saa zilizoandikwa kwenye mashine, maana mara nyingi mchana hawatozi.

Maduka mengi hufungwa kuanzia saa 8 mchana hadi saa 11 jioni, kwa hiyo nunua maji mapema. Katika kijiji cha Grazalema mvua hunyesha zaidi ya watu wanavyotarajia kusini mwa Hispania. Mawe ya njiani yakilowa huteleza, vaa viatu vya soli ya mpira.