Koloka haina mama wa lupango: kuishi Liège, Ubelgiji, na wenzako wa nchi nyingine

Mdogo wangu uliyepata viza, koti litasubiri. Tuongee nyumba kwanza. Lubumbashi na Liège ni miji dada, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) na chuo cha hapa vinashirikiana, na ndiyo maana wengi wetu tunaangukia kwenye mji huu wa mto Meuse badala ya Brussels. Chumba cha peke yako ni ghali kwa mfuko wa mwanafunzi, kwa hiyo utaingia koloka: nyumba moja, vyumba vitatu au vinne, jiko moja, bafu moja. Mimi niko mtaa wa Outremeuse. Wenzangu ni Mwitaliano wa Erasmus (mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi), dada Mmoroko anayesomea famasi, na Mvietnam wa uzamivu anayezungumza Kifaransa kidogo na Kiingereza kingi.

Aliyekulia lupango, yaani uwanja wa nyumba za pamoja, kwenye mitaa ya Katuba au Kenya ya Lubumbashi tayari anajua kushiriki bomba, choo na kamba ya nguo. Ila kule kuna mtu wa kuamua. Mama mwenye lupango akisema mlango unafungwa saa tatu, unafungwa, na watoto wakigombania ndoo anawaamua yeye. Koloka haina mama huyo. Wote mko sawa, na kila mmoja anaamini desturi ya kwao ndiyo ya watu wote. Ushauri wangu mzima umekaa hapo: mtakayokubaliana yaandikwe mapema, wiki ya kwanza, mkiwa bado mnachekeana.

Karatasi

Liège iko Wallonie, jimbo la Ubelgiji la Kifaransa, na sheria ya upangaji ya huko ni dikrii (sheria ya jimbo) ya 15 Machi 2018, iliyoanza kufanya kazi 1 Septemba 2018. Mkisaini mkataba mmoja wa koloka, mnabeba deni kwa pamoja. Mwenzako asipolipa, bayeri (mwenye nyumba) anaweza kukudai wewe kodi yote, si sehemu yako tu. Dikrii hiyo inataka pia muwe na mapatano yenu wenyewe: nani analipa kiasi gani, vyombo na samani ni vya nani, mtu akiondoka inakuwaje. Wengi huyajaza haraka haraka ili bayeri anyamaze. Nyinyi kaeni mezani myajaze kweli.

Swali la kuuliza kabla ya lolote ni hili: unaondoka lini? Wanafunzi wa Erasmus wengi hukaa muhula mmoja tu. Anayetoka kabla ya mkataba kwisha anapaswa kutoa taarifa ya miezi 2 na kutafuta wa kumrithi. Asipompata, anaweza kulipa fidia ya miezi 3 ya sehemu yake ya kodi. Mwambie mapema, tena mbele ya wote, ili Januari usije ukawa mwezi wa kukwepana kwenye korido.

Garanti, yaani amana ya nyumba, isikuogopeshe. Kwetu unaiweka mkononi mwa bayeri na kuanza kuomba Mungu. Huku haizidi kodi ya miezi 2, na kwa kawaida inakaa benki kwenye akaunti iliyofungwa, kwa jina lako. Anayekuambia umletee pesa taslimu kwenye bahasha, mshukuru na uende zako. Bima ya moto na maji ni lazima kwa mpangaji, basi ulizeni kama moja inaweza kuwafunika nyote. Kuhusu chaji, yaani gharama za maji na nishati, angalia kama ni bei ya jumla isiyobadilika au ni malipo ya awali yanayopigiwa hesabu mwishoni mwa mwaka. Hii ya pili ndiyo inayoleta barua ya mamia ya yuro wakati aliyekuwa akioga nusu saa amesharudi kwao.

Na majina yote yaandikwe kwenye kengele na sanduku la barua. Ukifika, una siku 8 za kazi kujitambulisha komini (ofisi ya manispaa), kisha polisi wa mtaa anapita kuhakikisha kweli unaishi pale. Asipoona jina lako mlangoni, kadi yako ya ukaaji inachelewa, na bila kadi hiyo mambo mengine nayo yanasimama.

Jikoni

Hapa nitakaa kidogo, maana koloka nyingi zinavunjikia jikoni.

Kabla ya kubana sufuria ya aluminiamu kwenye valizi (sanduku la safari), uliza nyumba ina jiko la aina gani. Majiko mengi ya huku ni ya kioo, na yale ya induksheni hayapashi aluminiamu hata kidogo. Chukua sumaku: ikishika chini ya sufuria, sufuria inafaa; isiposhika, mwachie shangazi. Sufuria nzito ya chuma utaipata kwenye maduka ya vitu vilivyotumika kwa bei ndogo. Bukari, yaani ugali wetu, uisonge nje ya jiko, sufuria ikiwa juu ya taulo sakafuni au mezani, kwa sababu kioo kile hakikutengenezwa kwa mikono ya Katanga. Na usisonge kwenye kikaango cha mwenzako chenye utando mweusi. Mwiko wako utakikwangua, na yeye atakuwa na haki ya kukasirika.

Unga wa mahindi utaupata maduka ya Wamoroko. Sombe (majani ya muhogo) na makayabu (samaki wa chumvi) vipo kwenye maduka ya Kiafrika, na ukiwa na hamu kubwa panda treni ya kama saa moja mpaka Brussels, uende Matonge, mtaa wa Waafrika kule Ixelles. Jumapili asubuhi kuna soko la La Batte kando ya mto. Nenda karibu na mwisho wake, saa za mchana, wauzaji wakianza kushusha bei za nyanya na pilipili.

Sasa kapenta, dagaa wetu wakavu. Tuseme ukweli, kapenta zikikaangwa zinanuka. Mvietnam wetu hakushtuka, maana kwao mchuzi unatoka kwa samaki waliochachushwa kwa chumvi. Mwitaliano alifungua madirisha yote Januari, baridi ikaingia mpaka vitandani. Suluhisho si kuacha kula chakula chako. Loweka kapenta kwenye maji ya moto na uyamwage maji hayo, funga mlango wa jiko, washa feni ya juu ya jiko kwa nguvu zote, na ukaange mchana wenzako wakiwa Sart Tilman, kampasi ya chuo, si saa tano usiku. Nyumba za Wallonie zinatakiwa kuwa na vifaa vya kugundua moshi. Mafuta yakiungua vitalia jengo zima. Usitoe betri ili upike kwa amani.

Dada wa Kimoroko hali nguruwe, na wala hataki sufuria iliyopita nguruwe. Tukatenga kikaango kimoja na sponji moja, vyenye alama nyekundu. Ramadhani anaamka kula daku kabla ya alfajiri, basi mwezi huo vikombe tunaviosha jioni ili asilazimike kugonganisha vyombo gizani.

Friji ina rafu, kila mtu na yake. Hili linaumiza mtoto wa Lubumbashi kuliko baridi: mtu atakula mbele yako bila kusema karibu. Hajakudharau. Anaheshimu chakula chako akitegemea nawe utaheshimu maziwa yake. Sisi tumeweka Jumapili jioni kuwa siku ya chungu kimoja, mmoja anapika kwa zamu, na bukari yangu sasa ina wateja. Ukikuta kikaratasi kimebandikwa kwenye friji, “tafadhali osha jiko,” usikisome kama tusi. Kwetu tungemtuma mtu mzima akazungumze kwa mafumbo. Huku kikaratasi kinafanya kazi hiyo, na kwenye nyumba isiyo na mtu mzima mimi nakipenda.

Kelele, hewa na pesa

Wakati wa baridi Lubumbashi iko saa moja mbele yetu. Wakati wa joto saa zinalingana. Kwa hiyo mama hakusumbui. Wanaosumbua ni mabinamu wenye megabaiti za usiku, wanaopiga saa sita na kupaza sauti kana kwamba wako ng'ambo ya mto. Vaa spika za masikioni. Maombi ya sauti ya juu ni vilevile: kuanzia saa nne usiku jirani ana haki ya kuita polisi, na anaita. Mkesha ufanyie kanisani, chumbani sali kwa kunong'ona. Na mkikutana Wakongomani wawili jikoni, Mwitaliano akiwa ameketi pale, rudini kwenye Kifaransa. Anadhani mnamsema. (Mara nyingine kweli.)

Baridi ikija utataka kuziba kila tundu. Ukianika nguo chumbani na kuchemsha maharagwe bila kifuniko, ukuta utatoa kuvu, na kuvu itaandikwa kwenye ukaguzi wa mwisho. Zima radieta, fungua dirisha dakika kumi asubuhi na kumi jioni, funga, washa tena.

Pesa za pamoja, yaani mafuta, karatasi za choo, sabuni na mifuko ya taka, ziandikeni kwenye Tricount, programu iliyozaliwa Ubelgiji humu humu. Kila mmoja anaingiza alichonunua, yenyewe inasema nani anamdai nani. Usafi ni zamu, ukutani, basi. Wageni nao wana kikomo: andikeni idadi ya usiku, maana kaka wa Charleroi anayekuja “kupumzika kidogo” anaweza kuwa mpangaji wa tano asiyelipa maji.

Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, kila doa na namba za mita. Siku ya kutoka rudia. Garanti haifunguki benki bila saini yako na ya bayeri, hivyo msiachane kabla ya kusaini, na Tricount isomeke sifuri kwa kila mtu kabla ya wa kwanza kwenda uwanja wa ndege.