Damu imefika? Namna ya kupima na kulinda mzunguko wa damu kando ya kitanda

Mashine ya presha inakuambia damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu gani. Haikuambii kama damu hiyo imefika kwenye figo, kwenye ubongo, kwenye vidole vya miguu. Mwili unaovuja damu, au unaoshambuliwa na maambukizi, mara nyingi hubana kwanza mishipa ya ngozi na ya matumbo ili moyo na ubongo vipate. Kwa hiyo presha inaweza kubaki nzuri huku viungo vingine tayari vina njaa. Mimi ni muuguzi, zamu zangu nyingi ni za usiku hapa Bukavu, na wanafunzi wakija kwetu kwa mazoezi, jambo la kwanza ninalowaomba ni kuacha mashine kando kwa dakika moja na kumshika mgonjwa.

Anza na kidole. "Papa, nipe kidole." Chukua kidole cha shahada cha mkono usio na seromu (maji ya mshipani), ukiweke usawa wa moyo. Bonyeza nyama laini ya ncha, upande wa ndani, mpaka rangi itoke kabisa, shikilia sekunde 10, achia ghafla, kisha hesabu mpaka rangi irudi kama ya vidole jirani. Kwa mtu mzima, ikipita sekunde 3, kuna shida. Kwenye ngozi yetu nyeusi ncha hiyo ya ndani ndiyo inayoonyesha vizuri, na ukibonyeza kwa kile kioo kidogo cha maabara cha kupakia damu ya malaria utaona weupe wenyewe ukija na kuondoka. Hesabu kwa saa yenye mshale wa sekunde. Kuhesabu kichwani huenda mbio pale unapoogopa. Umeme ukikatika, tochi ya simu inatosha, ila imulike kutoka pembeni.

Baridi hudanganya. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wa mvua mkono uliokaa nje ya blanketi hurudisha rangi polepole hata kama mtu ni mzima. Upashe joto kwanza, ndipo upime. Wazee nao huchelewa kidogo, kwa hiyo kwao tazama zaidi mabadiliko kutoka saa hadi saa.

Kuna wanaokiona kipimo hiki cha kidole kuwa cha kizamani. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa wagonjwa 424 wenye mshtuko wa maambukizi (maambukizi makali yanayofanya damu isifike vizuri kwenye viungo) katika nchi 5 za Amerika ya Kusini: nusu walitibiwa kwa kufuata kidole, nusu kwa kufuata laktati, asidi inayopanda kwenye damu viungo vikikosa oksijeni. Kufikia siku ya 28, waliofariki upande wa kidole walikuwa asilimia 34.9, upande wa laktati asilimia 43.4. Tofauti hiyo haikutosha kitakwimu kusema kidole kimeshinda, lakini kwa hospitali ambayo maabara yake haipimi laktati, habari hii ni kubwa sana.

Kisha miguu. Mgongo wa mkono wako ndio unaohisi joto vizuri. Uanzie kwenye vidole vya mguu, upande polepole mpaka gotini, utafute mahali baridi inapoishia. Nilimlinda papa mmoja wa mtaa wa Kadutu aliyetoka kupasuliwa utumbo uliotobolewa na taifodi. Presha yake 112 kwa 70. Binti yake akaniambia, "Mama muganga, papa amelala vizuri." Miguu ilikuwa baridi mpaka katikati ya muundi, na mfuko wa mkojo ulikuwa umepata mililita 10 tu kwa saa nzima. Nikachora mstari kwa biki pale baridi ilipoishia, nikaandika 22:00 kando yake, nikamwita daktari. Saa sita usiku mstari wa pili ulikuwa juu ya kifundo. Alfajiri baridi ilikuwa imebaki kwenye vidole tu, mkojo mililita 40 kwa saa. Presha haikusogea sana usiku ule. Ni mistari ya biki iliyotuambia kwamba matibabu yanafanya kazi.

Figo ni shahidi mwaminifu. Mtu mzima anatakiwa kutoa angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa kila saa: mwenye kilo 60, mililita 30. Mtoto, karibu mililita 1 kwa kilo. Kama kuna mpira wa mkojo, mwaga mfuko, andika saa, halafu urudi baada ya saa moja. Kusoma mfuko uliokusanya tangu asubuhi hakukusaidii. Nepi ya mtoto ipime ikiwa kavu, kisha ikiwa imelowa: gramu 1 ni karibu mililita 1. Kuhusu ubongo, mwulize anayemlinda mgonjwa. Yeye ndiye atakayekuambia kwamba mama hajibu kama jana, au kwamba anavua nguo na kutapatapa.

Sasa rudi kwenye namba. Presha ya wastani ni ya chini mara mbili, jumlisha ya juu, gawa kwa 3. Kwa 85 kwa 50 unapata karibu 62, na wagonjwa wa mshtuko tunawatakia angalau 65. Yule papa alikuwa na 84. Gawanya pia mapigo kwa presha ya juu: mama aliyejifungua mwenye mapigo 110 na presha ya juu 105 anapata zaidi ya 1, na kwake ikifika 0.9 unapaswa kushtuka, hata kama anacheka na wageni wake. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakisemi chochote kuhusu kiasi cha damu kinachofika; kikikosa kusoma kwenye kidole baridi, hiyo yenyewe ni dalili.

Ukishajua damu haifiki, tafuta kwanza inapopotelea. Mama anayevuja baada ya kujifungua anahitaji kusuguliwa mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kuukaza mfuko huo), na asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja) gramu 1 ndani ya saa 3. Seromu peke yake itaipunguza nguvu damu iliyobaki. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Mfunike: mwili ukiwa baridi, damu haigandi vizuri.

Kwenye seromu nakuomba uangalifu wa kweli. Mwaka 2011 utafiti wa watoto 3,141 wenye homa kali Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha kwamba waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi: karibu asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Mwaka 2017, watu wazima wa Zambia wenye maambukizi na presha ya chini walionekana vivyo hivyo: waliopewa maji mengi mapema pamoja na dawa za kupandisha presha walifariki asilimia 48.1, wenzao 33.0. Kwa hiyo mpe kiasi alichoandika daktari kidogo kidogo, na kila baada ya chupa nusu rudi kwenye kidole, kwenye muundi, kwenye mapafu. Akianza kupumua kwa shida au ini likivimba, funga na uite.

Usimwekee chupa ya maji moto miguuni. Ngozi isiyopata damu haiwezi kuondoa joto, na ataungua bila kusikia. Visigino viinuliwe kwa mto uliowekwa chini ya mashavu ya miguu, mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2.

Na vijana wa pikipiki wenye plasta ngumu ya mguu uliovunjika: mguu ukibanwa ndani yake, usisubiri mapigo yapotee, kwa sababu huwa ya mwisho kupotea. Nyoosha kidole gumba cha mguu taratibu. Akipiga kelele kwa maumivu yanayozidi ya mfupa wenyewe, mwite daktari wa upasuaji sasa hivi, mguu uwe usawa wa moyo, usiinuliwe juu zaidi, na plasta ipasuliwe toka juu mpaka chini, pamoja na pamba ya ndani, mpaka ngozi ionekane.