Cheni nyembamba ya silva kutoka vito chakavu

Hapa Mwanza nasema silva. Ukipita Kirumba ukitangaza kwamba unanunua fedha chakavu, watu watakuangalia mara mbili.

Chakavu huja na maneno. Hereni iliyopoteza mwenzake, bangili iliyopinda, pete ya ndoa iliyokwisha. Kila kimoja mwenyewe anaapa ni silva tupu. Muhuri wa 925 maana yake ni sehemu 925 za silva katika 1000, zilizobaki kwa kawaida shaba, lakini muhuri hupigwa na binadamu. Pitisha sumaku kwanza. Kisha chimba kwa tupa mahali pasipoonekana, chini ya ngozi ya juu, udondoshe tone la asidi ya naitriki. Likitoka kijani, mrudishie mwenyewe. Silva nzuri hutoa weupe kama wa maziwa.

Mimi nilijifunza hilo kwa hasara. Nilinunua shilingi nane za mkoloni, zile zenye simba, nikaziyeyusha zote bila kupima, nikabaki na kipande chenye rangi ya shaba iliyofifia. Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 zina silva asilimia 25 tu. Rupia ya Mjerumani ndiyo yenye silva ya kweli, kama asilimia 92, lakini usiiyeyushe. Wakusanya sarafu mara nyingi hulipa zaidi ya uzito wake. Na dhahabu ghafi ya wachimbaji siigusi kabisa. Ina soko lake la madini, na ile iliyokamatwa kwa zebaki ukiipasha moto chumbani unavuta sumu.

Kwa cheni ya sentimita 45 utahitaji vipete kama 150 vyenye uwazi wa milimita 3, waya wa milimita 0.8. Kila kipete kinakula milimita 12 za waya, jumla karibu mita 1.8, yaani gramu 9 na ushee. Yeyusha gramu 15, maana ncha na vumbi vitakula zao.

Silva ya 925 huyeyuka karibu nyuzi 890. Tia boraksi kidogo, ule unga mweupe wa kusafishia madini yakiyeyuka, subiri iviringike na kung'aa kama kioo, umimine kwenye kalibu ya chuma iliyopashwa moto na kupakwa mafuta. Kalibu yenye unyevu itakurushia madini usoni. Fua kijiti kwa nyundo, ukigeuza pande nne, mpaka kikaribie milimita 3, chonga ncha kwa tupa, kisha kivute kwenye bamba la chuma lenye matundu yanayozidi kuwa madogo, tundu baada ya tundu, ukipaka nta ya nyuki. Kikianza kukaza mkono, usishindane nacho. Chora mstari wa kalamu ya wino mzito, pasha moto kivulini mpaka wino upotee na wekundu hafifu uonekane, tumbukiza majini, endelea. Juani hutauona wekundu huo. Utajua tu waya umeshayeyuka.

Zungushia waya kwenye msumari wa milimita 3, mizunguko igusane, ukate kwa kisumeno chembamba. Koleo la kukatia huacha ncha zilizochongoka, na ncha hizo hazikutani. Kufungua kipete, sukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma. Ukizitanua, duara limekufa.

Kwenye kulehemu ndipo wengi huacha kazi. Usiunge kimoja kimoja mpaka mwisho. Funga 75 peke yake, uvilehemu vyote. Halafu chukua viwili vilivyofungwa, uviunge kwa kimoja kilicho wazi: vimekuwa vitatu. Vitatu na vitatu kwa kimoja, saba. Saba na saba, kumi na tano. Mama yangu alikuwa akishona nyavu mwaloni kwa wavuvi, naye alihesabu macho ya wavu hivyohivyo, kwa mafungu, asirudie kuanzia moja.

Kipande cha lehemu kiwe kama jicho la dagaa, kisizidi. Ncha zigusane kabisa, kwa sababu lehemu haijazi pengo. Jirani zake wapake tope jepesi la udongo mwekundu, uwavute mbali na moto. Pasha kipete kizima, usiilenge lehemu, maana hukimbilia penye joto. Ikimeta na kuteleza ndani ya ufa, ondoa moto papo hapo. Fungua madirisha.

Kisha chemsha cheni kwenye maji ya ndimu na chumvi mpaka iwe nyeupe. Itoe kwa kijiti cha mti. Koleo la chuma likiingia humo, shaba inaipaka cheni wekundu. Vuta kila kipande kwa mkono, msasa laini, kitambaa, kishikizo.

Chini ya meza yangu kuna ngozi ya mbuzi inayokamata vumbi la tupa. Jioni nalipitisha sumaku nitoe chuma, nalirudisha kwenye kopo la maziwa. Mwezi uliopita kopo lilikuwa na gramu 11.