Namna ya Kuutambua Ugonjwa wa Nakolepsi
Hapa Tanga, anayesinzia kila mara barazani huitwa mvivu au husemwa ana shetani, jambo linaloniuma, kwa kuwa tangu mwaka 1880 Jean-Baptiste Gélineau, daktari wa Ufaransa, aliupa usingizi huo wa ghafla jina la nakolepsi. Kwanza chunguza kama husinzia mchana ijapokuwa usiku amelala vya kutosha. Kisha, na hii ndiyo dalili yenye uzito zaidi, angalia kama akicheka sana magoti humlegea ilhali fahamu anazo. Wengi wenye dalili hiyo wamepungukiwa na haipokretini, kemikali ya ubongo iliyogunduliwa mwaka 1998. Muulize pia kuhusu jinamizi, yaani kushindwa kujitikisa anapoanza kulala au kuamka. Andika saa anazosinzia kwa wiki mbili, umpeleke kwa daktari, na kabla ya hapo asiendeshe bodaboda wala asikwee mnazi.