Maganda ya mathenge: chakula cha mbuzi na unga wa chapati

Kwanza sikwambii upande mathenge, ule mti wa miiba (Prosopis), jamani, hapa Baringo, Kenya, tunayo ya kutosha na kubaki tangu iletwe miaka ya 80. Ila kama ishakuvamia shambani, maganda yake yenye mbegu usiyaache yaoze chini.

1. Okota yale ya manjano yaliyoanguka yenyewe, mabichi ni machungu. Vaa viatu vya soli ngumu, sio ndala, ule mwiba unapenya na kidonda chake kinavimba siku kadhaa. Yenye ukungu au matundu ya wadudu tupa.

2. Anika kwa turubai, sio chini kwa mchanga. Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Ganda lina sukari nyingi, likiingia kwa mashine ya posho na unyevu linageuka gundi na mwenye mashine hatataka kukuona tena. Kunja moja: likijipinda bado, likivunjika kwa mlio tayari.

3. Unga wa watu: twanga kwa kinu polepole, uchekeche kwa chekecheo laini. Unaotoka ni ile nyama ya ganda, una harufu tamu hivi, mbegu zinabaki juu ya chekecheo ndani ya vifuko vyake vigumu. Usizimwage nje, zitaota zote.

4. Chapati: kikombe kimoja cha mathenge kwa vinne vya ngano, usizidishe, inaleta uchungu. Moto uwe mdogo maana sukari inaungua haraka, unaona imeiva nje kumbe ndani bado. Uji nao ukiweka kidogo hauhitaji sukari.

5. Mbuzi: peleka maganda mengine pamoja na zile mbegu zilizobaki kwa mashine, zisagwe kabisa. Mbegu nzima inapita tumboni inatoka na mavi ikiwa hai, yaani mbuzi wako ndio wanakupandia msitu. Halafu changanya, kilo 2 za mathenge kwa kilo 8 za nyasi kavu na pumba. Wakishinda wakila maganda matupu meno yanaoza, si mnakumbuka 2006 wenzetu Ilchamus, jamii ya hapa Baringo, waliishtaki serikali kwa huu mti wakampeleka mbuzi kibogoyo hadi kortini Nairobi? Ng'ombe nao wakizidishiwa taya linalegea, wanashindwa kutafuna.

6. Unga weka kwa debe lenye kifuniko kinachobana. Ukishikana kama jiwe na haunuki ukungu, ponda tu uchekeche tena.