Jinsi ya kuomba nafasi katika kituo cha elimu ya jamii, kuanzia mtoto mchanga hadi mtu mzima

Mama anafika dawatini na mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, mama mkwe wake yuko nyuma, na anaomba "fomu ya familia". Mara nyingi fomu hiyo haipo. Kituo kinaweza kuwa kimoja na geti lake moja, lakini maombi ni ya mtu mmoja mmoja, kwa sababu kinachoulizwa kuhusu mtoto wa miezi minane sicho kinachoulizwa kuhusu bibi yake. Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani, hesabu vichwa: wanaotaka kusoma wakiwa wanne, fomu ni nne.

Na ujihesabu na wewe. Wazazi wengi hujaza za watoto wote, wakarudi nyumbani, ndipo wanakumbuka kwamba nao walitaka lile darasa la jioni.

Kabla hujachukua fomu

Uliza makundi ya umri yamepangwaje. Katika mfumo wa UNESCO wa kupanga ngazi za elimu, toleo la mwaka 2011, elimu ya awali ni ngazi ya sifuri, nayo ina mafungu mawili: watoto walio chini ya miaka 3, na wa kuanzia miaka 3 hadi wanapoingia shule ya msingi. Mgawanyo unaofanana na huo utaukuta katika vituo vingi, ila tarehe ya kuhesabia umri hutofautiana, na hapo ndipo penye mtego. Mtoto anayetimiza miaka 3 wiki mbili baada ya tarehe hiyo anaweza kuwekwa kundi la chini kwa mwaka mzima. Uliza hivi: "Umri unahesabiwa hadi tarehe ipi?" Jibu liandike.

Uliza pia mambo ambayo tangazo la ukutani huwa limeyaruka. Kwa watoto wadogo, je, mzazi anabaki nao au anawaacha? Masomo ya watu wazima ni saa ngapi, na saa hizo kuna wa kuwaangalia watoto? Nafasi ya saa mbili usiku kwa mama asiye na wa kumwachia mtoto ni nafasi ya kwenye karatasi tu.

Nyaraka

Za mtoto ni cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki inayoonyesha chanjo, picha, na kitambulisho cha mzazi au mlezi. Aliyewahi kuwa shuleni aongeze ripoti yake ya mwisho. Mtu mzima huhitaji kitambulisho, na vyeti kama anavyo. Kama hana, hilo peke yake lisimrudishe nyumbani.

Toa nakala, hati asilia ioneshwe tu kisha irudi nawe. Majina yafanane herufi kwa herufi. Fatuma kwenye cheti na Fatma kwenye kadi ya kliniki ni mtoto mmoja kwako, lakini kwenye faili ni wawili, na faili likisimama husimama kimya kimya bila mtu kukupigia simu.

Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, usisubiri kipatikane ndipo uombe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, unampa kila mtoto haki ya kusajiliwa mara anapozaliwa, na kifungu cha 28 unampa haki ya elimu. Moja haikupasi kuizuia nyingine. Anza usajili wa cheti, kisha uulize kituoni kama kwa sasa watapokea tangazo la kuzaliwa kutoka hospitali, hati ya kiapo, au risiti inayoonyesha kwamba maombi ya cheti yako njiani.

Fomu ya mtoto mdogo

Ni ndefu kuliko unavyotarajia, na karibu yote ni maswali ya malezi: analala saa ngapi, anakula nini, chakula gani kinamdhuru, akilia hutulizwa vipi, nyumbani mnazungumza lugha gani. Jibu ukweli, hasa hilo la lugha. Baadhi ya wazazi huandika lugha ya shule wakidhani inampandisha mtoto daraja, matokeo yake mlezi wa darasani anamsemesha kwa maneno asiyoyajua na kumwona mzito.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, na aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Kama bado unanyonyesha, uliza kama kuna mahali pa kunyonyeshea na maziwa yaliyokamuliwa yanahifadhiwa wapi. Fomu ikiwa haina nafasi ya jambo hilo, liandike pembeni.

Sehemu ya "wanaoruhusiwa kumchukua mtoto" ndiyo ninayoiona ikijazwa kwa haraka kuliko zote. Andika watu wawili au watatu, kila mmoja na namba ya simu anayoipokea mchana. Ikiwa yupo ambaye mahakama imemzuia, ambatisha nakala ya amri. Ukimwambia mwalimu wa asubuhi kwa mdomo, wa mchana hatakuwa na habari.

Kisha kuna sehemu ya ulemavu na mahitaji maalumu, ambayo wengi huiacha wazi kwa hofu ya kukataliwa. Naielewa hofu hiyo. Lakini ukiiacha wazi, kituo hakipangi chochote, na mtoto anaanza siku ya kwanza kwa kushindwa. Usiishie kwenye jina la ugonjwa alilolitaja daktari. Eleza anavyoishi: "Hasikii vizuri sikio la kushoto, akae kulia kwa mwalimu." "Anatembea kwa kushika ukuta, ngazi hawezi." Sentensi ya namna hiyo humfanya mtu ahamishe darasa lije chini, jambo ambalo jina la Kilatini halifanyi.

Vijana

Hapa si pagumu. Kwa Mkataba ule wa 1989, aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida bado ni mtoto, kwa hiyo tarajia kuulizwa saini ya mlezi. Masomo achague mwenyewe. Uchomeleaji aliochaguliwa na baba utamshinda kabla muhula haujafika katikati.

Fomu ya mtu mzima

Mapendekezo ya UNESCO ya mwaka 2015 kuhusu elimu ya watu wazima yanataja maeneo matatu: kusoma, kuandika na stadi za msingi, mafunzo endelevu na ya ufundi, na elimu ya jumla inayomwezesha mtu kushiriki katika jamii yake. Tazama darasa unalolitaka linaangukia wapi, kwa sababu utaratibu unafuata hapo. La kisomo mara nyingi halidai cheti chochote. La ufundi linaweza kudai kiwango fulani cha kusoma au uzoefu wa kazi.

Kiboksi cha "darasa ulilofikia" huwapotosha watu kwa njia mbili. Kuna anayeandika darasa la saba alilomaliza miaka thelathini iliyopita, ingawa barua sasa anasomewa na wajukuu. Na kuna fundi cherehani anayeandika "sijasoma" huku akipiga hesabu ya kitambaa cha suti tatu kichwani. Andika ulichofikia, halafu ongeza unachokifanya leo: unasoma nini, unaandika nini, hesabu gani unazipiga. Kusoma na hesabu vipimwe mbalimbali. Mtu anaweza kuanza chini kabisa upande mmoja na kukaa juu upande wa pili.

Ukiitwa kupimwa kiwango, usijiandae kama wa mtihani. Hakuna kufaulu wala kufeli, na ukisaidiwa majibu utapelekwa darasa litakalokuzidi. Chukua miwani yako. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaowekwa kundi la wasiojua herufi kumbe herufi wanazijua, hawazioni tu.

Asiyejua kuandika ajaziwe fomu na mfanyakazi wa kituo, na asomewe yote kabla ya kuweka dole gumba. Ana haki ya kuomba chumba cha pembeni. Asijaziwe na mwanawe mbele ya foleni kama hataki. Kuna mambo mtu mzima hayasemi mbele ya aliyemzaa.

Uliza pia cheti cha mwisho ni cha namna gani. Cha kuhudhuria na kile kinachotambuliwa na mamlaka ya elimu hufanana kwa mhuri na utepe, lakini havifungui milango ileile. Kama tayari una ujuzi wa kazini, uliza kama upo utaratibu wa kuutambua rasmi, usije ukakaa mwaka mzima ukifundishwa unachokijua.

Ada, kurudisha fomu na kusubiri

Msamaha wa ada mara nyingi una fomu yake na tarehe yake, na tarehe hiyo inaweza kutangulia ile ya maombi. Ziulize zote mbili kwa pamoja.

Unaporudisha fomu usiondoke bila risiti yenye namba ya maombi, tarehe na jina la aliyepokea, moja kwa kila fomu. Ukiwekwa kwenye orodha ya wanaosubiri, uliza wewe ni wa ngapi na nafasi ikipatikana utapewa siku ngapi za kujibu. Ukibadilisha laini ya simu, nenda ukabadilishe na namba kwenye faili.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Ikiwa ni umri, utarudi muhula ujao. Ikiwa ni nyaraka, zipeleke zilizopungua. Ikiwa ni nafasi, bakia kwenye orodha. Ikiwa sababu ni ulemavu, au ni ukosefu wa karatasi ambazo hukupewa muda wa kuzitafuta, andika barua kwa msimamizi wa kituo, kisha kwa ofisi ya elimu iliyo juu yake, ukiambatisha nakala ya risiti.

Siku ya kwanza darasani nenda na risiti zote, kwani orodha ya mlangoni huenda ni ya wiki iliyopita. Na kalamu chukua mbili; moja itaazimwa kabla ya mapumziko.